Umeombwa Nyimbo, Usitoe Nyumba Nzima



Ukitaja jina Kasapa hapa Lubumbashi, wengine wanawaza gereza, wengine wanawaza univerisiti. Leo nataka kusema nawe juu ya vijana wetu wa univerisiti, na juu yetu sisi wazazi tunaofuata nyuma yao. Upite jioni mbele ya homu za wanafunzi. Utaona vijana wawili wameinama juu ya telefone mbili zilizolala kando kando. Hawaongei, wanangoja. Mmoja anatoa, mwingine anapokea: silabi ya profesa, nyimbo, filme, foto za ndoa. Kisha kila mmoja anaenda zake, na hakuna aliyepoteza hata mega moja.

Hii si kazi mbaya. Mega ni bei, na kila mtu anajua mfuko wa mwanafunzi. Tena tunakumbuka mwisho wa mwaka 2018. Tarehe 31 Desemba, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi yetu, na haikurudi mpaka karibu tarehe 20 Januari 2019. Siku zile, aliyetaka kumpa mwenzake foto ao wimbo alibaki na flashi na Bluetooth tu. Njia hii ya mkono kwa mkono imetusaidia.

Lakini swali ni hili: unapomfungulia mwenzako ili achukue wimbo mmoja, unamfungulia mlango gani?

KOSA LANGU MWENYEWE

Nianze na kosa langu, maana si vizuri kufundisha wengine kama vile mimi sikuanguka. Miaka michache iliyopita, kijana mmoja wa korali, mwanafunzi pale Kasapa, alikuja nyumbani siku ya posho jioni. «Pasta, unipatie ile nyimbo ya korali, kesho tuko na repetisio.» Nilimpa flashi yangu. Nyimbo zilikuwa 12. Lakini ndani ya flashi ile ile niliweka pia barua zangu za kazi, na ukurasa mmoja nilipoandika mambo ya mume na mke waliokuja kwangu na shida ya nyumba yao. Walinieleza wakilia. Mimi niliandika ili nisisahau.

Kijana hakuwa mwizi. Alirudisha flashi saa aliyoahidi. Alichukua yote kwa sababu kuchagua kunakula wakati. Kule homu wenzake wakamwomba nyimbo, naye akawarushia dosie nzima kwa Xender. Wao nao wakawarushia wengine. Baada ya majuma matatu, ule mama alisikia mambo ya chumba chake sokoni, tena katika kinywa cha mtu asiyemjua.

Nilipomuuliza kijana, alisema: «Pasta, nilikopiya byote, juu kuran ilikuwa karibu kukatika. Sikujua kama muko barua.» Nilimwamini. Kosa lilikuwa langu. Nilienda kwa mume na mke wale, nikaomba musamaha. Walinipokea. Mume ananisalimia hata leo. Lakini hajarudi tena kunieleza shida yake, wala simlaumu.

NAMNA GANI NJIA HII INAFANYA KAZI

Unapotuma kitu kwa njia ya kawaida ya intaneti, kinaenda kwanza kwenye mashini kubwa ya kampuni, kisha mwenzako anakitwaa pale. Kwa njia hii nyingine hakuna mashini ya katikati. Telefone inasema na telefone. Xender na SHAREit zinafanya hivi: telefone moja inatengeneza wifi ndogo, nyingine inaingia ndani yake, na vitu vinapita mbio. Basi hapana mlinzi katikati. Mlinzi ni wewe.

Tena programu zenyewe zimepata kuwa na matundu. Mwezi wa Januari 2016, wachunguzi wa Core Security walionyesha kwamba SHAREit ya Lenovo, ile ya ordinateri za Windows, ilitumia neno la siri moja kwa watu wote: 12345678. Aliyekuwa karibu aliweza kuingia. Lenovo ilirekebisha. Mwezi wa Februari 2021, kampuni Trend Micro ikatangaza matundu mengine katika SHAREit ya telefone za Android. Programu mbaya iliyo ndani ya telefone ingeweza kupitia pale na kuchukua vitu vya mwenye telefone. Wakati ule SHAREit ilikwisha kupakuliwa zaidi ya mara bilioni 1.

Vijana wenye ordinateri wanajua pia torenti, iliyoanzishwa na Bram Cohen wa Marekani mwaka 2001. Filme inakatwa vipande vingi, na kila anayeichukua anawapa wengine vipande alivyokwisha kupata. Lakini ili vipande vifike, kila mashini inaonyesha anwani yake, inayoitwa IP. Yeyote aliye katika kundi lile anaweza kuandika: anwani hii inachukua filme hii, saa hii. Ndiyo sababu kule Ujerumani watu wanapokea barua za mawakili wa wenye filme, wakidaiwa malipo. Programu za VPN zinaficha anwani yako mbele ya kundi, lakini mwenye VPN anaijua. Na kama ni ya bure, ujiulize yeye anakula wapi. Tena VPN haigeuzi kitu cha mtu kuwa chako. Mwimbaji ao mwandishi anayeuza kazi yake, hiyo ni posho ya watoto wake.

Usifikiri kosa kama langu ni la watu wa Afrika tu. Mwezi wa Februari 2010, ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, FTC, iliandikia karibu mashirika 100 kuwaonya kwamba habari za wafanyakazi na za wateja wao zilikuwa zinaonekana katika mitandao ya namna hii. Mara nyingi mambo haya yanatokea hivi: mtu anataka kutoa nyimbo, lakini anafungua dosie ambayo ndani yake kuna barua. Flashi yangu kabisa!

MAMBO MAWILI TUSIYOYAONA

La kwanza: foto ni zaidi ya sura. Kama kamera ya telefone imeruhusiwa kuandika mahali, foto inabeba ndani yake tarehe, saa, na mahali hasa ilipopigwa. Ukiirusha kwa Xender, inaenda na hayo yote. Baba anayepiga foto kwenye kariere kule Kolwezi ao Kipushi, na mama anayepiga foto ya mtoto mbele ya nyumba, wanatoa pamoja na foto njia ya kufika pale.

La pili: kufuta si kuondoa. Kitu kilichofutwa kwenye flashi ao karte ya memoari kinakaa ndani mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kuna programu za kukirudisha, nazo si shida kuzipata. Fikiri juu ya fishi ya mushahara, ao foto ya karte ya mchaguzi, ambayo wengi wetu tunaitumia kama kitambulisho. Uliifuta, ukauza telefone. Je, imekufa kweli?

UFANYE NINI?

1. Uwe na flashi ya kutoa na flashi ya kuficha. Ile ya kutoa isipate hata siku moja kubeba barua, kitambulisho ao foto za jamaa.

2. Uchague mwenyewe kitu cha kutuma, wimbo kwa wimbo. Usimpe mwenzako telefone yako mkononi aseme, «Acha nitafute mimi.»

3. Kazi ikiisha, funga. Zima Bluetooth, toka katika Xender. Kwenye telefone zenye Quick Share, weka ionekane kwa watu unaowajua tu, si kwa wote.

4. Programu ikiuliza ruhusa ya kuona majina ya watu wako wote, ujiulize: kutuma wimbo kunahitaji majina kwa nini? Kataa kwanza. Na programu uiweke katika hali mpya, maana matundu yanazibwa katika ile mpya.

5. Katika kamera, zima kuandika mahali.

6. Kwenye sekretaria publiki, usiache flashi kwenye mashini yao ukaenda kununua mkate. Karatasi yako ikikopiwa pale ili ichapwe, ngoja ifutwe mbele ya macho yako, hata kwenye kikapu cha takataka cha ordinateri. Najua haitoshi, lakini ni bora kuliko kuiacha mezani.

7. Programu ao kitu usichokijua kikikujia, usikifungue kwa sababu tu kimetoka kwa rafiki. Labda hata yeye hajui anabeba nini. Virusi vinapenda flashi kama vile mbu wanavyopenda maji yaliyosimama.

SIRI YA MWINGINE

Kijana, nisikie vizuri. Mara nyingine wewe si mwenye kupoteza, wewe ni mwenye kupokea. Umeomba silabi, ukakuta ndani foto za dada ya mtu. Pale ndipo utajulikana wewe ni mtu gani. Usifungue. Usirushe kwa mwingine ili kucheka. Ufute, kisha umwambie mwenyewe kwa sauti ndogo: «Yaya, ulinipa zaidi ya nilichoomba.» Kati ya wote waliopokea dosie yangu, kama mmoja angenijia hivi, yale ya sokoni labda yasingefika.

Sheria iko. Kodi ya Numeriki ya inchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Lakini sheria inakuja nyuma ya machozi. Neno lililokwisha kukopiwa mara 20 hakuna tribinali inayoweza kulirudisha mfukoni.

Leo flashi yangu ya korali ina nyimbo tu. Mambo ninayoelezwa na watu siyaandiki tena ndani ya mashini. Nayaandika katika kitabu, na kitabu kinakaa ndani ya sanduku lenye kufuli. Ule kijana bado anaimba. Akija siku ya posho, ninakaa naye mezani, tunachagua nyimbo moja moja. Inachukua dakika kumi. Kuran ikikatika, tunangoja irudi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

— Ndani ya telefone yetu kuna kitu gani ambacho si chetu, lakini tulipewa kukilinda?
— Juma hili nani ameshika telefone yangu, na alifungua nini?
— Wazazi: mtoto akipokea foto mbaya ya mwenzake, anajua atakuja kwa nani bila kuogopa kupigwa?