Mama Yake Rose na Ng'ombe Walioliwa

Lipo swali moja kuhusu filamu ya Titanic ambalo, ukilitupa kati ya watu pale Tukuyu mvua ikiwa imewafungia ndani (na Rungwe mvua haina haraka ya kuondoka), chai itapoa kabla hawajakubaliana. Rose alimpenda Jack, au alimkimbia Cal tu? Vijana wana jibu tayari: alimpenda, tena upendo usio na masharti, la sivyo asingeruka kutoka kwenye boti ya kuokolea na kurudi ndani ya meli inayozama. Watu wa makamo husitasita. Wazee, wale waliowahi kukaa upande wa kupokea mahari, mara nyingi huuliza jambo ambalo vijana hawakulifikiria kabisa: yule mama yake aliishia wapi?

Kwa kuwa kazi yangu ni mashauri ya ndoa, swali la wazee ndilo linalonivuta.

Tukumbushane kisa. Filamu ya James Cameron ilitoka mwaka 1997. Rose ana miaka 17. Baba yake amekufa akaacha jina kubwa na madeni chini yake, na Ruth, mama yake, amepanga kuyamaliza kwa kumwoza binti kwa Cal Hockley, mtoto wa tajiri wa chuma cha pua. Jack Dawson ni mchoraji asiye na kitu. Hata tiketi ya meli kaipata kwa kucheza karata. Titanic iliondoka Southampton tarehe 10 Aprili 1912, ikazama usiku wa kuamkia tarehe 15, na watu zaidi ya 1,500 walikufa. Kwa hiyo mapenzi yote yanayobishaniwa duniani kwa karibu miaka thelathini hayakufikisha hata wiki moja.

Huku kwetu Tanzania filamu hiyo ilifika wakati machozi ya MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, hayajakauka, na wapo walioitazama kwanza kama habari ya meli, mapenzi yakafuata baadaye. Joshua Amandus Mtani aliichora upya kuwa katuni ya Kiswahili. Kaskazini mwa Nigeria Wahausa walitengeneza ya kwao mwaka 2003, Masoyiyata Titanic. Tena usisahau vibanda vya video. Enzi za wasimulizi kama Lufufu, mtazamaji alisikia zaidi sauti ya msimulizi kuliko ya mwigizaji, na msimulizi hakuwa mkalimani wa kutafsiri neno kwa neno. Aliongeza utani, alionya, alimpa mhusika tabia. Watu wawili waliotazama filamu moja katika vibanda viwili huenda wanabishana leo kwa sababu walisimuliwa Jack wawili tofauti.

Tuje kwenye masharti. Wazo la kumkubali mtu bila sharti lilipata umaarufu katika taaluma ya saikolojia kupitia Mmarekani Carl Rogers miaka ya 1950. Yeye alikuwa akizungumzia mshauri na mteja wake: mteja apokelewe kama mtu mwenye thamani bila kwanza kuthibitisha kwamba anastahili. Hakusema kila atakachotenda kikubaliwe. Katika makanisa ya Moravian na Kilutheri, yenye mizizi mirefu Rungwe, maharusi husomewa sura ya upendo katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, na wengi hutoka pale wakiamini kwamba asiyeweka masharti ndiye apendaye. Mimi hutofautisha masharti ya kupendwa na masharti ya kuishi pamoja. Jack hakumwekea Rose sharti lolote la kumpenda, hilo nakubali. Lakini masharti ya kuishi pamoja, nani ataamka usiku mtoto akilia, nani atamtunza mama mkwe, hayo bahari haikuwapa nafasi ya kuyajaribu. Na hata Jack, akiwa ndani ya maji ya barafu, alimwapisha Rose kwamba hatakata tamaa, ataishi, atazaa watoto. Kama hilo si sharti, basi ni wosia, na wosia nao humfunga mtu.

Cal yeye hahitaji kutetewa, ila ni mfano mzuri wa darasani. Anampa Rose mkufu wa almasi ya bluu, kisha anamwambia, kwa maana yake, kwamba hakuna atakachomnyima iwapo naye hatanyimwa. Hapo mwanasheria anachukua kalamu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu zawadi iliyotolewa kwa kutazamia ndoa idaiwe mahakamani ndoa isipofungwa, mradi mahakama iridhike kwamba mtoaji aliitoa kwa sharti kwamba ndoa ifungwe. Maneno ya Cal mwenyewe yangekuwa ushahidi wake. Angeweza kuupata mkufu. Fidia ya kuvunjiwa ahadi ya ndoa ni jambo jingine: sheria hiyo hiyo haitoi zaidi ya hasara ya gharama zilizotumika, na hairuhusu kumshtaki mtu aliyetoa ahadi akiwa chini ya miaka 18. Rose alikuwa na 17. Na juu ya yote, ndoa isiyo na ridhaa ya hiari ya wote wawili haisimami, wala ndoa haiwi batili kwa sababu tu mahari haikulipwa.

Mpaka hapo sheria iko upande wa vijana. Lakini inazungumza na wawili, na ndoa ya Rose haikuwa ya wawili.

Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, kati ya mwaka 1934 na 1938, na katika maandishi yao mambo ya ng'ombe na ndoa hayatenganishwi. Binti aliposwa mapema, mara nyingi na mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wake kwa mbali, kwa sababu wenye ng'ombe walikuwa wazee. Ng'ombe walioingia kwa ajili yake hawakukaa zizini wakisubiri kuona kama atafurahi. Walitoka tena, kwenda kumwolea kaka yake. Ndoa moja ilijengwa juu ya nyingine. Binti akivunja yake, mume alidai ng'ombe wake, na ng'ombe wale walikuwa tayari zizini kwa wakwe wa kaka.

Na mabinti walivunja. Marjorie Mbilinyi alichapisha mwaka 1988 utafiti kuhusu wake waliotoroka Wilaya ya Rungwe katika miaka ya ukoloni wa Mwingereza, kuanzia 1919 hadi 1961. Ni kipindi ambacho vijana wa kiume walikwenda kutafuta fedha kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, na kwenye mashamba na migodi ya mbali, na barabara waliyoifungua wanaume, wanawake nao waliiona. Serikali ya kikoloni na wakuu wa kienyeji, kila mmoja kwa sababu zake, walitaka wanawake hao warudi. Mahakama za wenyeji zilijaa mashauri ya aina hiyo. Ukiyatazama kwa macho ya leo utasema ni Rose wengi wasio na meli. Ukiyatazama kwa macho ya baba wa binti, utaona kwa nini alikuwa wa kwanza kumsihi arudi kwa mume: hakuwa na cha kurudisha.

Ndiyo maana naona wazee wanamsoma Ruth vizuri kuliko sisi. Kwenye filamu anaonekana mkali, anamkaza binti kamba za nguo huku akimkumbusha kwamba fedha zimekwisha, na kwamba wasipopata ndoa hiyo yeye atakwenda kushona nguo za watu. Watazamaji wengi hapo humchukia. Baba wa Rungwe wa miaka ya 1930 angemwelewa kabla hajamaliza sentensi. Tofauti ni kwamba Ruth anadaiwa na watu wasioonekana, na baba huyo anadaiwa na mkwe anayekutana naye mnadani. Simtetei yeyote kati yao. Binti si hundi. Nasema tu kwamba upendo wa Rose, ambao kwake hauna sharti, una gharama, na filamu inampa mtu mwingine ailipe kisha inamwondoa kwenye picha.

Wapo wanaonijibu kwamba Rose naye alilipa: aliacha utajiri, akaanza maisha akiwa na nguo alizovaa. Ni kweli. Baadaye aliolewa na mwanamume wa jina la Calvert, akapata watoto, na anakiri kwamba hakuwahi kumwambia hata mume huyo habari za Jack. Kwangu Calvert ni shahidi muhimu ambaye shauri hili halikumwita. Alikaa miaka na mwanamke aliyefunga chumba kimoja moyoni mwake.

Lakini jambo gumu zaidi kulimeza ni jina. Meli ya Carpathia ilipowafikisha manusura New York, Rose alijiandikisha kama Rose Dawson. Cal alikuwa amemtafuta asimwone. Kuanzia hapo, kwa mama yake, binti amekufa baharini, na Rose hakumtumia Ruth neno lolote tunalolisikia. Mwanamke aliyetoroka Rungwe kwenda Chunya hakuwa na njia hiyo. Mume alifungua shauri, baba akaitwa barazani aeleze ng'ombe wako wapi na binti yuko wapi, watu wakatumwa, habari zikarudi kwamba ameonekana machimboni, yuko na fulani, ana mtoto. Hakuna mama wa huko anayezitamani siku zile za kuitwa barazani, lakini kwa njia hiyo nyumbani walijua kwamba yu hai.