Je, Wajua? Siku Steringi Alipokufa

Kuanzia Mkoani hadi Konde kisiwani Pemba, na pwani yote ya Waswahili, sheria ya filamu inajulikana hata na mtoto wa chuoni: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, afungwe kamba na kulazwa relini, mwisho atajikung'uta vumbi na kumaliza kazi yake. Watazamaji wa kibanda cha video hawashtuki steringi anapozingirwa. Wanashtuka sheria inapovunjwa. Na zile filamu ambazo hata asiyeziona anajua zilivyoisha, nyingi ni zile zilizoivunja sheria hiyo. Humu nitazitaja na nitasema zinaishaje. Ni filamu za siku nyingi, na muda wa kufichiana umepita.

Je, wajua kwamba Jai wa Sholay nusura arudishwe hai? Filamu hii iliyoongozwa na Ramesh Sippy na kuandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar ilianza kuonyeshwa India tarehe 15 Agosti 1975. Vibaka wawili, Jai na Veeru, wanaajiriwa na Thakur, ofisa wa polisi wa zamani, ili wamkamate jambazi Gabbar Singh. Kila penye uamuzi mgumu Jai, yaani Amitabh Bachchan, hurusha sarafu hewani, nayo ndiyo huamua. Mwishoni sarafu inaamua Veeru aende na Jai abaki kuwazuia majambazi. Jai anakufa mikononi mwa rafiki yake. Veeru anaiokota sarafu, anaigeuza, na anakuta pande zote mbili ni sawasawa. Muda wote ule Jai hakuwa akibahatisha. Alikuwa amekwisha kuchagua.

Sasa sikilizeni yaliyotokea nyuma ya pazia. Siku za mwanzo Sholay haikujaza kumbi kama ilivyotarajiwa. Watengenezaji wakakaa kikao, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba Bachchan amekuwa nyota mkubwa kwa Zanjeer ya 1973 na Deewaar ya 1975, kwa hiyo watu hawataki kumwona akifa. Likatolewa pendekezo mwisho upigwe upya, Jai apone. Sippy akaomba wasubiri kidogo. Filamu ikashika, na katika ukumbi wa Minerva, Bombay, ikakaa miaka mitano. Kwangu mimi, subira ile ndiyo iliyoiokoa Sholay. Jai akipona, sarafu ile inabaki mzaha wa mtu mjanja. Akifa, sarafu inakuwa wasia.

Kifo cha Jai kilinusurika, lakini mwisho wenyewe wa filamu haukunusurika. Katika toleo la kwanza Thakur, ambaye Gabbar alimkata mikono yote miwili, anamkanyaga adui yake kwa viatu vyenye misumari mpaka anamuua. India ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Juni 1975, na wakaguzi wa filamu hawakukubali ofisa wa polisi wa zamani achukue sheria mkononi. Ikabidi tukio lipigwe tena: polisi wanatokea dakika ya mwisho na kumsihi Thakur amwache jambazi kwa sheria. Huo ndio mwisho ulioonyeshwa dunia nzima. Toleo lenye mwisho wa awali lilisafishwa na kuonyeshwa Bologna, Italia, Juni 2025, karibu miaka hamsini baadaye. Kwa maoni yangu mwisho wa awali ndio wenye uzito. Mtu aliyetembea filamu nzima na shali mabegani kuficha kwamba hana mikono hastahili kuambiwa asubiri askari.

Kabla ya Bachchan alikuwepo Raj Kapoor. Mwanahistoria Mmarekani Laura Fair, aliyeandika kitabu kizima juu ya sinema za Tanzania kilichotoka 2018, alizungumza na wazee wengi wa Zanzibar kuhusu filamu walizozipenda ujanani, na Awaara ya Raj Kapoor ya 1951 ilikuwa mstari wa mbele. Enzi hizo Unguja palikuwa na ukumbi wa Royal, uliofunguliwa 1921, ukaungua 1954 na kujengwa upya kwa jina la Majestic, pamoja na Empire na Sultana. Na sisi Pemba tulikuwa na sinema zetu Wete na Chake Chake. Jumapili ilikuwa siku ya picha za Kihindi: baba, mama, shangazi na watoto, kila mtu na nguo yake bora. Wengi hawakujua Kihindi, na wengi walirudi kuitazama picha ileile, nyimbo wamekwisha zikariri. Hata taarabu ilizichukua tuni za picha hizo na kuzivisha maneno ya Kiswahili.

Kitendawili cha Awaara ni cha damu. Jaji anamfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku, mtoto anakulia mtaani akawa mwizi, na miaka mingi baadaye kijana huyo anasimama mahakamani mbele ya baba yake asiyemjua. Je, wajua kwamba damu ile ilikuwa ya kweli? Aliyeigiza jaji ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor. Steringi akiwa mtoto aliigizwa na Shashi, mdogo wake Raj. Na babu yao, Basheshwarnath Kapoor, naye anaonekana humo amevaa joho la jaji. Vizazi vitatu vya nyumba moja vinacheza hadithi ya mwana aliyekanwa na baba yake.

Mother India ya 1957 ni nzito zaidi. Radha anawalea wanawe peke yake katika ukata, na mwisho anamwelekezea bunduki Birju, mwanawe kipenzi aliyegeuka jambazi, kwa sababu ameteka binti wa watu na kuivunja heshima ya kijiji. Anampiga risasi. Halafu anampakata. Sijui filamu nyingine inayomwomba mtazamaji ampende muuaji na marehemu kwa kiasi kilekile. Na nje ya filamu yakatokea yasiyoandikwa na mtunzi yeyote: wakati wa kupiga picha moto uliwaka kupita kiasi na kumzunguka Nargis, aliyeigiza mama, na aliyeingia kumwokoa ni Sunil Dutt, aliyeigiza mwanawe. Mwaka 1958 wakaoana.

Amar Akbar Anthony ya 1977 nitaipitia haraka, maana kila mtu anaijua: ndugu watatu waliopotezana utotoni wanalelewa mmoja Kihindu, mmoja Kiislamu, mmoja Kikristo, na bila kujuana wanamtolea damu mwanamke mmoja hospitalini, ambaye ni mama yao. Daktari atasema mambo hayafanyiki hivyo. Mimi nasema tukio lile ni zuri mno kuachiwa daktari.

Wamarekani nao walikuwa na mbinu zao za kuvunja sheria. Je, wajua kwamba Alfred Hitchcock alitaka kumbi zisimruhusu mtu yeyote kuingia baada ya Psycho kuanza? Ilikuwa 1960, na watu walizoea kuingia sinema katikati ya filamu na kubaki hadi ianze tena. Nyota aliyewavuta watu alikuwa Janet Leigh, naye anauawa bafuni kabla filamu haijafika nusu. Aliyechelewa angekaa akimsubiri mtu ambaye hatokei. Damu inayotiririka pale ni sharubati ya chokoleti, na kwa kuwa picha ni nyeusi na nyeupe hakuna aliyejua. The Sixth Sense ya 1999, ya M. Night Shyamalan, ikaenda mbali zaidi: steringi amekwisha kufa tangu mwanzo, na yeye mwenyewe hajui. Irudie uone. Baada ya tukio la kwanza, hakuna anayezungumza na Bruce Willis isipokuwa mtoto mmoja. Mkewe mezani hamjibu kitu, na mara ya kwanza tunadhani ni hasira za ndoa.

Siri iliyolindwa kuliko zote ni kwamba Darth Vader ndiye baba yake Luke, katika The Empire Strikes Back, 1980. David Prowse, aliyevaa lile vazi jeusi, alipewa maneno ya uongo ayaseme mbele ya kamera: kwamba Obi-Wan ndiye aliyemuua baba yake Luke. Mark Hamill, aliyeigiza Luke, alinong'onezwa ukweli muda mfupi kabla ya kupiga tukio. Maneno halisi yalikuja kuingizwa studio kwa sauti ya James Earl Jones, ambaye alipoyasoma kwanza alidhani Vader anadanganya. Jones huyohuyo, mwaka 1994, akawa sauti ya Mufasa katika The Lion King. Kwa hiyo baba mbaya kuliko wote na baba mwema kuliko wote katika sinema ya Marekani ni koo moja. Na kifo cha Mufasa, niseme wazi, kimewaliza watoto wengi zaidi kuliko filamu yoyote ya kutisha.

Lakini mambo ya siri kugeuka mwishoni hatukuyapata kwa projekta. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alimuumba Bwana Msa mwenye kiko na rafiki yake Najum, na Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950. Kisha ikaja Kisima cha Giningi, 1968. Msomaji wa Pemba akiona jina Giningi haulizi ni wapi, maana huo ni mji wa wachawi aliousikia kwa bibi yake, uliopo na usioonekana. Ustadi wa Abdulla ni kwamba anakupa uchawi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili Bwana Msa anakuonyesha binadamu aliyejificha nyuma yake. Anayetafuta hadithi ya kupiga filamu Zanzibar aanzie hapo.

Na kuna watu ambao kazi yao ilikuwa kumwambia mtazamaji kinachokuja. Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alishika kipaza sauti katika vibanda vya video Dar es Salaam akitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, sauti zote yeye mwenyewe, kisha kazi zake zikasambaa kwa kanda na diski. Uganda wapo wenzake kama VJ Jingo, Kenya yupo DJ Afro. Aliyewahi kuwasikiliza watu wa kazi hii anajua hawamngojei mwongozaji: huyu mwangalieni vizuri, huyu ndiye msaliti! Na kibanda hakipungui mtu. Tamthilia ya Kichina Doudou na Mama Wakwe Zake ilipotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa TBC mwaka 2011, ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Ugomvi wa mama mkwe na mke wa mtoto hauna cha kuficha. Kila mtu anajua unakoelekea, na bado anakaa.

Je, wajua kwamba jambo hili limepimwa? Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi 12, nyingine zikiwa zimefichuliwa mwisho wake mapema. Kwa ujumla waliofichuliwa walizifurahia zaidi. Mwaka 2015 Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum wakapata jibu la kinyume, kwamba kufichuliwa hupunguza raha. Mimi niko upande wa wale wa 2011. Mtoto anayemwomba bibi ngano ya sungura anaomba ileile ya jana, na bibi akiruka kipande anarudishwa nyuma.

Titanic ya 1997 ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Kila aliyekata tiketi alijua meli itazama, na filamu ikachukua Oscar 11. Hapa Tanzania Joshua Amandus Mtani aliichora kuwa kitabu cha katuni, Mkasa wa Mapenzi ndani ya Titanik. Mabishano yaliyobaki ni ya ule ubao alioponea Rose: je, Jack angepanda juu pamoja na Rose angepona? James Cameron alichoka kuulizwa akafanya majaribio kwenye maji ya baridi kali, yaliyorushwa Februari 2023, na akakubali kwamba kwa mpangilio fulani Jack huenda angepona. Ubao wenyewe uliuzwa mnadani Machi 2024 kwa dola 718,750. Mabishano haya siyapendi. Kisiwa kilichofiwa Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikija Wete, kinajua kwamba ndani ya maji usiku hakuna anayepima ubao. Jack anamwachia Rose nafasi, basi, na hilo linatosha.

Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililoanza 1998 Ngome Kongwe, limekuwa na utaratibu wa kupeleka filamu vijijini Unguja na Pemba, na kuna moja ambayo ningependa ionekane kila wilaya ya kisiwa hiki: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021. Imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, hadithi ya Yasmin anayeikimbia ndoa aliyolazimishwa na Denge anayepigania uhuru, Zanzibar ya miaka ya 1950. Wanafunzi wameisoma darasani, wameijibia mitihani, wanajua nani anamwacha nani na kwa nini. Wawekewe turubai uwanjani Micheweni, Wete, Chake na Mkoani, na walimu wao wa Kiswahili wakae safu ya mbele.