Korodani Ambayo Haijashuka

Wewe uliye jikoni, na wewe uliyerudi kambini sasa hivi kutoka kuchuma chai, sogeza redio karibu. Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja, nalo ni korodani za mtoto wa kiume.

Mtoto akiwa bado hajazaliwa, korodani zake huwa ndani ya tumbo lake, karibu na figo. Kabla ya kuzaliwa hushuka mpaka kwenye mfuko wake. Mfuko huo uko nje ya mwili kwa sababu korodani hutaka ubaridi kidogo kuliko sehemu nyingine za mwili. Kati ya watoto 100 wa kiume waliozaliwa kwa wakati wao, karibu 3 huzaliwa korodani moja au zote mbili hazijashuka. Kwa waliozaliwa kabla ya wakati, idadi ni kubwa zaidi. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya kwanza. Isiposhuka kufikia miezi 6, mama, usingoje tena.

Kwa nini tusingoje? Fikiria miche ya chai kitaluni. Ukiicheleweshea kupandwa, mizizi hujisokota ndani ya mfuko, na hata ukiipanda baadaye haikui sawa. Chembe za uzazi ndani ya korodani zina wakati wake wa kukomaa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika katika mwaka wa kwanza. Zikikaa kwenye joto la tumbo, nyingine hufa, na vijifereji vinavyozibeba hunyauka. Chembe chache zinaweza kubaki changa kama za mtoto aliye tumboni. Hizo ndizo zinazotutia wasiwasi.

Mwaka wa 1972, daktari wa Denmark aitwaye Niels Erik Skakkebæk alichunguza korodani za wanaume waliokosa watoto. Akaona katika vijifereji chembe za ajabu, kubwa kuliko kawaida, ingawa uvimbe haukuwapo. Baadaye baadhi ya wanaume wenye chembe kama hizo wakapata saratani. Leo inajulikana kwamba saratani nyingi za korodani za vijana huanza hivyo. Daktari wa maabara akipima korodani iliyotolewa, haangalii uvimbe peke yake. Huangalia nyama inayouzunguka, na mara nyingi hukuta chembe hizo, vijifereji vilivyokauka, pengine na punje ndogo za chokaa.

Mkulima wa Kericho au Bomet atalielewa hili upesi. Mchai mmoja ukikauka kwa kuvu ya mizizi ile iitwayo Armillaria, ukichimba pembeni na kubandua ganda la mizizi ya jirani, waweza kukuta ukungu mweupe umeshaingia, na majani yake juu bado ni kijani kibichi.

Sasa usishtuke. Saratani hii ni nadra kwetu Afrika, na watoto wengi ambao korodani zao zilichelewa kushuka hawaipati kamwe. Lakini hatari yao ni kubwa kuliko ya wenzao, na umri wa kupasuliwa una maana. Mwaka wa 2007, watafiti wa Uswidi walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume karibu 17,000 waliopasuliwa. Waliopasuliwa kabla ya miaka 13 walikuwa na hatari kama mara mbili ya watu wengine. Waliopasuliwa baadaye, zaidi ya mara tano. Na uwezo wa kuzaa pia huokolewa kwa kuwahi. Upasuaji mzuri ni kati ya miezi 6 na 18.

Basi mkague wakati wa kumwogesha, maji yakiwa ya vuguvugu na mikono yako ikiwa na joto. Nasisitiza joto, kwa sababu asubuhi zetu za baridi huzifanya korodani zipande juu hata kwa mtoto mzima wa afya. Papasa polepole kila upande. Ukikosa moja, mwambie muuguzi siku ya chanjo, na umwombe aandike katika kijitabu cha mama na mtoto. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, Longisa na Tenwek ni mahali pa kuanzia. Jamaa yenu ijiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na uulize mapema ni gharama gani italipiwa.

Wengine watakwambia ni tone la maziwa ya mama lililomdondokea mtoto. Si kweli, wala si laana. Hukukosea lolote.

Na kijana mkubwa je? Najua mama hawezi kumwuliza mwanawe aliyekwisha kutahiriwa habari hizi. Mtume baba, mjomba, au motiriot wake. Amwambie ajipapase akioga, na akikuta uvimbe mgumu, hata usiouma, aende hospitali wiki hiyo hiyo. Saratani hii ikiwahiwa, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 hupona. Lakini maumivu makali ya ghafla hayangoji wiki. Huenda korodani imejisokota, nayo huweza kufa katika saa 6 hivi. Hapo ni kukodi pikipiki usiku huo huo.