Mshale wa mafuta unapodanganya: Kipuri cha bei nafuu kinafaa, lakini pima kwanza

GARI linapozimika usiku kati ya Matsangoni na Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa upande mmoja na taa ya kituo cha petroli isionekane mbele wala nyuma, abiria huuliza swali lile lile: Je, dereva hakujua kwamba mafuta yamekwisha? Mara nyingi hakujua. Mshale ulimwonyesha robo tangi, naye akauamini.

Hitilafu hii huonekana ndogo mpaka siku teksi inapombeba mama mjamzito kutoka Ganze, au gari la samaki linapokawia njiani barafu ikiyeyuka. Kwa wanaoelekea kaskazini, wakishavuka daraja la Sabaki na kuiacha Gongoni na Marereni nyuma, vituo vya mafuta huadimika, na kosa la lita tano laweza kumlaza mtu barabarani.

Kifaa kinachosababisha kero hii hakimo kwenye dashibodi, kimo ndani ya tangi. Mafundi wengi hukiita flota. Kipya kilichotengenezwa na kampuni iliyounda gari ni ghali, ilhali madukani kuna vya kampuni nyingine vinavyouzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Je, vinafaa? Jibu ni kwamba vinafaa, mradi kipuri na mshale viwe vinazungumza lugha moja.

Jinsi kinavyofanya kazi

Flota ni boya dogo lililoshikizwa kwenye mkono wa waya. Mafuta yakipanda, boya hupanda nayo. Yakipungua, nalo hushuka. Upande wa pili wa mkono huo pana kidole cha chuma kinachoteleza juu ya kibao chenye ukinzani wa umeme. Kila kidole kinapohama, ukinzani hubadilika, na kiasi cha umeme unaopita hubadilika pia. Mshale kwenye dashibodi hauyaoni mafuta hata kidogo. Unausoma umeme huo tu.

Kwa kuwa kidole hicho husugua kibao mchana kutwa, hatimaye kibao huchakaa. Na hakichakai sawasawa. Dereva anayenunua mafuta ya shilingi mia tano asubuhi na mia tano jioni, akingojea kuona Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) itatangaza bei gani tarehe 14 ya mwezi, huliacha boya lake likielea karibu na sakafu ya tangi mwaka mzima. Sehemu ya chini ya kibao ndiyo inayolika. Ndiposa geji nyingi husema kweli tangi likiwa limejaa, kisha huanza kurukaruka na kusema uongo pale tu ukweli unapohitajika zaidi.

Petroli yenyewe pia yaweza kukiua kifaa hiki. Mnamo Mei 2004 nchini Marekani, petroli iliyokuwa na salfa kupita kiasi iliharibu geji za magari katika majimbo ya Florida na Louisiana, hata uuzaji wake ukasitishwa katika vituo vingi. Salfa ilikuwa imeshambulia vipande vya fedha ambavyo kidole huvigusa ndani ya flota.

Usinunue kabla ya kupima

Huku pwani kuna mshukiwa mwingine, naye ni chumvi. Upepo wa bahari huingia kwenye viungo vya nyaya chini ya gari na kuacha kutu ya kijani kwenye shaba. Waya unaorudisha umeme kwenye bodi, ambao mafundi huuita athi, ukiliwa na kutu, mshale hukosea ijapokuwa flota ni nzima. Wapo walionunua flota mbili mfululizo kabla ya kugundua kwamba kilichohitajika ni msasa na dakika kumi za kazi.

Kwa hivyo, fundi na aanze kwa kukagua fyuzi, viungo vya nyaya na athi. Kisha achomoe waya za flota na kupima ukinzani wake kwa mita ya umeme. Flota ikishatolewa, mkono wake uinuliwe polepole kutoka chini hadi juu huku mita ikitazamwa. Tarakimu zikipanda au kushuka kwa utaratibu, flota haina kosa. Zikikatika na kuruka mahali pamoja, hapo ndipo palipochakaa. Boya nalo litikiswe karibu na sikio. Likisikika lina mafuta ndani, limetoboka na haliwezi kuelea inavyopasa.

Katika magari ya zamani, mafundi wamezoea kuugusisha waya wa flota kwenye bodi ili waone kama mshale utasogea. Zoea hilo lisihamishiwe kwenye magari yanayoongozwa na kompyuta, kwani laweza kuharibu kifaa cha bei kubwa kuliko kile kinachotafutwa.

Lugha ya omu

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Ukinzani hupimwa kwa omu, na watengenezaji hawakukubaliana kipimo kimoja. Flota nyingi za kipimo cha Marekani huwa na omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. Kipimo kinachotumika sana Ulaya huanza omu 10 tangi likiwa tupu na kufika 180 likijaa. Magari ya Japani, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu, huwa na vipimo vyake, na hata vya kampuni moja hutofautiana kati ya modeli na modeli.

Chukua mfano wa mtu aliyefunga flota ya Marekani kwenye gari lenye geji ya Ulaya. Tangi likiwa tupu, flota itatoa omu 240 na mshale utaonyesha tangi limejaa pomoni. Akijaza tangi, omu zitashuka hadi 33 na mshale utamwambia karibu yamekwisha. Hakuna kilichoharibika hapo. Kipuri kinasema kweli, ila kwa lugha ambayo mshale hauielewi.

Basi mnunuzi aende dukani na flota yake ya zamani mkononi, pamoja na omu zake za juu na za chini zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi. Alinganishe pia urefu wa mkono, idadi ya waya na mashimo ya skrubu. Mkono ukiwa mfupi kuliko kina cha tangi, boya halitafika chini, na mshale hautasoma sifuri kamwe.

Atofautishe vilevile kipuri mbadala na kipuri bandia. Mbadala hubeba jina la kampuni iliyokitengeneza, na kukiuza si kosa. Bandia huiba jina la kampuni nyingine, jambo linalokatazwa na Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini si kila kilicho rahisi ni kibovu.

Hatari ya kufungua tangi

Katika magari mengi madogo, flota hufikiwa kwa kuinua kiti cha nyuma na kufungua kifuniko kilicho chini yake. Katika mengine ni lazima tangi lishushwe. Kwa vyovyote vile, kazi hii ifanywe nje, penye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujikusanya mashimoni. Cheche moja inatosha. Kenya haijasahau Sachangwan, karibu na Molo, ambako mnamo Januari 31, 2009 mafuta yaliyomwagika kutoka kwa lori yalishika moto na kuua zaidi ya watu 100.

Kwanza mafuta yapunguzwe kwa kuyatumia, wala si kwa kuyafyonza kwa mdomo. Waya hasi wa betri utolewe. Sigara, simu na taa ya balbu iliyo wazi viwekwe mbali. Vumbi na mchanga vifutwe kabla ya kifuniko kufunguliwa, kwa sababu chochote kitakachodondoka tangini kitaishia kwenye pampu. Mpira wa kuzibia ubadilishwe, nao uwe wa aina inayostahimili mafuta. Mpira wa zamani ukirudishwa, harufu ya petroli itawasalimu abiria kila asubuhi.

Ijaribu kabla ya kuiamini

Flota mpya ikishafungwa, mafuta yatiwe lita tano tano na dereva aandike mshale umesimama wapi kila mara. Tangi likijaa, atakuwa na ramani ya geji yake, hata kama mshale haufiki mwisho kabisa. Kisha aifutie hesabu ya kilomita za safari na kuanza upya. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni yapata kilomita 120, na gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja litahitaji lita 10. Mshale ukidai zimetumika mbili, dereva ajue la kuamini.

Hesabu hiyo ni kinga hata kwa asiye na pesa za kipuri mwezi huu. Na hata geji ikiwa nzima, ni busara kutoacha tangi lishuke chini ya robo. Katika magari mengi ya petroli, pampu huishi ndani ya tangi na hupozwa na mafuta yenyewe. Yakikauka, pampu hupata joto na kuungua, na bei yake huifanya ile ya flota ionekane kama nauli ya tuktuk.