Binti wa Pokot Aliyeishangaza Dunia

Ukimtuma binti yako dukani naye akarudi mbio kabla maji ya chai hayajachemka, humwambia nini? Humsifu, au humkanya kwamba mtoto wa kike hakimbii hivyo?

Tegla Loroupe alizaliwa mwaka 1973 huko Pokot Magharibi, nchini Kenya, katika jamaa yenye watoto wengi. Shule ilikuwa umbali wa kilomita 10 hivi, naye aliukimbia mwendo huo ili asichelewe. Baba yake hakupendezwa. Alitaka binti yake ashike kazi za nyumbani kama wasichana wengine. Lakini mama yake alimtia moyo, na Tegla hakuacha kukimbia.

Siku ya New York

Novemba 1994, akiwa na umri wa miaka 21, alisimama katika mstari wa kuanzia mbio za marathoni mjini New York. Alikuwa mfupi na mwembamba, hata mtu angedhani ni mtoto wa shule. Alimaliza kilomita 42 na ushee akiwa mbele ya wanawake wote, akawa Mwafrika wa kwanza wa kike kushinda mbio hizo.

Mwaka 1995, muda mfupi kabla ya kurudi New York, alifiwa na dada yake. Alikimbia akiwa na msiba moyoni, akashinda tena.

Rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanawake ilikuwa imewekwa na Ingrid Kristiansen wa Norway mwaka 1985. Kwa karibu miaka 13 hakuna aliyeifikia. Aprili 1998, mjini Rotterdam, Tegla aliivunja kwa kutumia saa 2, dakika 20 na sekunde 47. Mwaka uliofuata, mjini Berlin, alipunguza sekunde 4 nyingine.

Siku ya kushindwa

Je, alishinda siku zote? La. Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 wengi walimtazamia apate dhahabu, lakini usiku wa kuamkia marathoni tumbo lilimsumbua vibaya. Angeweza kubaki kitandani, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikimbia, akawa wa 13. Siku sita baadaye alishiriki fainali ya mita 10,000, akawa wa 5. Hakurudi na medali, ila alimaliza alichokianza.

Baadaye aliwakumbuka wa kwao. Mwaka 2003 alianzisha shirika la amani, akaandaa mbio zilizowakutanisha vijana wa makabila yaliyokuwa yakiuana kwa ajili ya mifugo. Na mwaka 2016, Olimpiki ilipopokea timu ya wakimbizi kwa mara ya kwanza huko Rio de Janeiro, kiongozi wa wanamichezo hao 10 alikuwa Tegla. Watano kati yao, wakimbiaji kutoka Sudan Kusini waliokuwa wakiishi kambi ya Kakuma, walikuwa wamefanya mazoezi kwake.

Mama, si kila binti atavunja rekodi ya dunia. Lakini kila binti ana jambo analolifanya kwa furaha. Jioni ya leo mtazame wako vizuri. Je, unalijua la kwake? Na je, umewahi kumwambia kwamba umeliona?