Funika kombe, msimu upite: mwaka wa mtikisiko wa Sevilla

Usiku wa Oktoba 5, 2022, Julen Lopetegui aliketi kwenye benchi la Sevilla huku kila mtu uwanjani akijua kwamba kazi ile haikuwa yake tena. Habari za kutimuliwa kwake zilikuwa zimezagaa tangu kabla ya mpira kuanza. Borussia Dortmund wakamalizia kilichobaki kwa kipigo cha mabao 4-1, tena nyumbani kwa Sevilla, Uwanja wa Ramón Sánchez-Pizjuán. Filimbi ya mwisho ilipolia, kocha akawaaga mashabiki, nao wakamshangilia. Muda si mrefu klabu ikatangaza rasmi kwamba imeachana naye.

Makofi yale hayakuwa ya huruma tu. Lopetegui ndiye aliyewapa Kombe la Europa Ligi mwaka 2020 na kuwamalizisha nafasi ya nne La Liga misimu mitatu mfululizo. Mashabiki walijua kwamba tatizo la timu yao halikuanzia kwenye benchi la ufundi.

Chini ya miezi minane baadaye, Sevilla hiyo hiyo ilinyanyua kombe la Ulaya mjini Budapest. Msimu huo ilipitia makocha watatu, ikaonja nafasi za kushuka daraja na kumaliza ligi ikiwa ya 12. Wengi husimulia msimu ule wa 2022/23 kama muujiza, na kombe lile lilipatikana kwa haki. Ila ndilo lililowapa viongozi wa klabu sababu ya kutojiuliza maswali, na gharama yake Sevilla wameilipa kwa miaka iliyofuata.

Ukuta uliouzwa

Sevilla si klabu ya juzi. Ilianzishwa mwaka 1890, makao yake yako mtaa wa Nervión, na jiji lake inaligawana na watani wao wa jadi, Real Betis. Mashabiki wa Dar es Salaam waliwaona kwa macho yao Mei 2019, walipokuja kucheza mechi ya kirafiki na Simba kwenye Uwanja wa Taifa na kuondoka na ushindi wa mabao 5-4 uliowatoa jasho.

Kwa miaka mingi klabu hiyo iliishi kwa biashara moja: kununua mchezaji kwa bei nafuu, kumng'arisha, kisha kumuuza ghali. Fundi wa biashara hiyo alikuwa Ramón Rodríguez Verdejo, maarufu kama Monchi, kipa wa zamani wa klabu aliyegeuka mkurugenzi wa michezo. Dani Alves alipita mikononi mwake kabla ya kwenda Barcelona. Pesa za mauzo zilinunua wengine, na makombe yakaendelea kuingia.

Majira ya joto ya 2022 biashara ikagoma. Msimu uliotangulia Sevilla ilikuwa imefungwa mabao 30 tu, machache kuliko timu yoyote ya La Liga, na kipa wake Mmorocco, Yassine Bounou, akachukua tuzo ya kipa bora wa ligi. Mbele yake walisimama Jules Koundé na Diego Carlos. Ndani ya dirisha moja la usajili wote wawili wakauzwa: Koundé akaenda Barcelona kwa takribani euro milioni 50, Diego Carlos akaenda Aston Villa.

Beki wa kwanza aliyeletwa kuziba pengo, Marcão, aliumia kabla ligi haijaanza. Wa pili, Tanguy Nianzou kutoka Bayern Munich, alikuwa kijana wa miaka 20 asiyekuwa na uzoefu wa kubeba ukuta. Mbele wakaletwa Isco, Adnan Januzaj na Kasper Dolberg, majina makubwa yaliyokuwa yakitafuta pa kuanzia upya. Kufikia mwisho wa Januari, wote watatu walikuwa wameshaondoka.

Matokeo yalikuja haraka. Sevilla ilifungwa na Osasuna, ikatoka sare na Valladolid, ikafungwa na Almería. Hao wawili wa mwisho walikuwa ndio kwanza wamepanda daraja. Barcelona wakaja Nervión na kuondoka na mabao matatu, Manchester City wakaondoka na manne. Timu iliyokuwa na ukuta mgumu kuliko zote Hispania ikawa inaruhusu mabao kila wiki, na lawama zikamfuata kocha kabla ya kuwafikia waliouza mabeki wake.

Sampaoli na vita vya ghorofani

Aliyeitwa kuokoa jahazi ni Jorge Sampaoli, Muargentina aliyeipa Chile ubingwa wa Copa América mwaka 2015. Sevilla walimjua vizuri. Msimu wa 2016/17 aliwachezesha soka la kuvutia, kisha akaondoka kwenda kuifundisha timu ya taifa ya Argentina. Viongozi walitaraji angerudi na siku zile.

Siku zile hazikurudi. Ligi iliposimama kupisha Kombe la Dunia, Sevilla ilikuwa imecheza mechi 14, imeshinda mbili tu, na iko katika nafasi tatu za kushuka daraja. Kule Qatar, Wamorocco wa Sevilla, Bounou langoni na Youssef En-Nesyri mbele, wakaifikisha nchi yao nusu fainali, hatua ambayo hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kuifikia. Kichwa cha En-Nesyri ndicho kilichoitoa Ureno. Katika kikosi cha Argentina kilichotwaa kombe walikuwamo Marcos Acuña, Alejandro Gómez na Gonzalo Montiel, na Montiel ndiye aliyepiga penalti ya ubingwa. Timu iliyokuwa mkiani Hispania ilikuwa na mabingwa watatu wa dunia. Vipaji havikuwa haba. Kilichokosekana ni mpangilio.

Huko ghorofani nako hakukuwa na amani. Rais wa klabu, José Castro, alikuwa akipambana na mtangulizi wake, José María del Nido Benavente, aliyeiongoza Sevilla tangu 2002 hadi 2013 kabla ya kufungwa jela kwa kesi ya ufisadi, na sasa mwanahisa mkubwa aliyetaka kurudi kitini. Makamu wa Castro alikuwa mtoto wa kumzaa wa Del Nido, anayebeba jina lile lile la José María. Baba upande huu, mwana upande ule, na mikutano ya wanahisa ikageuka uwanja wa mapambano. Katika hali hiyo nani angekaa chini kupanga usajili wa miaka mitatu ijayo?

Januari ilileta nafuu kidogo. Lucas Ocampos alirudishwa kutoka Ajax alikokuwa kwa mkopo. Wakaja pia kwa mkopo Bryan Gil na beki Mfaransa Loïc Badé, aliyekuwa amekaa Nottingham Forest bila kuchezeshwa. Hata hivyo balaa halikuisha. Februari 23, mjini Eindhoven, shabiki alivamia uwanja katika mechi ya Europa Ligi dhidi ya PSV na kumpiga ngumi kipa Marko Dmitrović. Kipa alimdhibiti mwenyewe hadi walinzi walipofika. Sevilla ilifungwa 2-0 usiku huo lakini ikasonga mbele, kwa kuwa ilishinda 3-0 mechi ya kwanza.

Siku tisa baadaye Atlético Madrid waliwakung'uta 6-1. Kisha Getafe wakawachapa 2-0, na Sevilla ikabaki nafasi ya 14, pointi mbili tu juu ya mstari wa kushuka. Machi 21, Sampaoli naye akafungashiwa virago.

Mzee kutoka Zaldibar

Wengi walishangaa kusikia jina la kocha wa tatu. José Luis Mendilibar, mzaliwa wa Zaldibar katika Nchi ya Basque, alikuwa na miaka 62 na hakuwahi kuongoza timu katika mechi hata moja ya Europa Ligi wala Ligi ya Mabingwa. Aliishi maisha yake ya ukocha kwenye klabu za kupigania kubaki daraja: Valladolid, Osasuna, Eibar. Kazi yake ya mwisho ilikuwa Alavés, alikotimuliwa msimu ambao timu hiyo ilishuka. Sevilla ilimpa mkataba wa kumalizia msimu tu.

Mendilibar hakuja na falsafa mpya. Alimrudisha kila mchezaji kwenye nafasi anayoijua, akaipandisha timu ikabe juu, akaagiza mipira ifike pembeni haraka na krosi zimiminwe kwa En-Nesyri. Jesús Navas, nahodha wa miaka 37 aliyekuwa amefanya kazi hiyo tangu akiwa kijana, hakuhitaji kufundishwa. Mechi ya kwanza wakaifunga Cádiz 2-0 ugenini.

Aprili 13 mzee akakanyaga Old Trafford kwa robo fainali, mechi yake ya kwanza ya Europa Ligi. Marcel Sabitzer aliifungia Manchester United mabao mawili ndani ya dakika 21, na Sevilla ikaonekana imekwisha. Ilipofika dakika ya 84 Tyrell Malacia akajifunga, na katika dakika za nyongeza kichwa cha En-Nesyri kikamgonga Harry Maguire na kujaa wavuni. Sare ya 2-2. Mjini Sevilla wiki moja baadaye hapakuwa na bahati ya kuzungumzia: Sevilla ilishinda 3-0, mawili ya En-Nesyri na moja la Badé, yule ambaye Nottingham hawakumhitaji.

Nusu fainali walikutana na Juventus. Mjini Turin waliongoza hadi dakika ya saba ya nyongeza, Federico Gatti alipowasawazishia wenyeji. Waliporudiana, Dušan Vlahović alitangulia kufunga, Suso akasawazisha kwa shuti la mbali, na Erik Lamela akamaliza kazi kwa kichwa katika muda wa ziada.

Budapest

Fainali ya Mei 31 ilikuwa ngumu, ya ubabe na ya kadi nyingi. Roma ya José Mourinho, kocha aliyekuwa ameshinda fainali zake zote tano za Ulaya, ilitangulia kwa bao la Paulo Dybala. Wakati wa mapumziko Mendilibar akawaingiza Suso na Lamela kwa mpigo. Dakika ya 55 krosi ya Navas ikamfanya Gianluca Mancini ajifunge.

Dakika 120 zikaisha 1-1, na mikwaju ya penalti ikawa ya Bounou. Aliuzuia mkwaju wa Mancini kwa miguu, kisha akaugusa wa Roger Ibañez ukagonga mwamba. Montiel, mtu wa Qatar, akaja kupiga wa mwisho. Rui Patrício akaupangua, lakini mwamuzi Anthony Taylor akaamuru urudiwe kwa kuwa kipa alikuwa ameuacha mstari mapema. Mara ya pili Montiel hakukosea. Sevilla ikashinda 4-1 kwa penalti na kutwaa taji lake la saba la michuano hiyo. Hakuna klabu nyingine iliyofika idadi hiyo.

Inafaa kukumbuka mlango walioingilia. Sevilla haikuanza msimu katika Europa Ligi. Ilidondokea huko baada ya kushika nafasi ya tatu katika kundi lake la Ligi ya Mabingwa kwa pointi tano. UEFA imeufunga mlango huo tangu msimu wa 2024/25. Timu itakayocheza vibaya leo kama Sevilla ya Oktoba 2022 haitapewa mashindano mengine ya kujifariji.

Bili yaletwa mezani

Kombe lilikuja na tiketi ya Ligi ya Mabingwa ambayo nafasi ya 12 isingewapa kamwe, na pesa zake. Hapo ndipo palipokuwa na kishawishi. Jedwali la ligi lilisema timu imefungwa mabao 54 na kupata pointi 49 katika mechi 38. Kabati la makombe lilisema hawa ni mabingwa wa Ulaya. Viongozi walichagua kusikiliza kabati. Kombe lile lilikuwa dawa ya kutuliza maumivu, wao wakalihesabu kuwa tiba.

Monchi aliondoka Juni 2023 kwenda Aston Villa. Bounou akauzwa Al Hilal ya Saudi Arabia mwezi Agosti. Mendilibar, aliyepewa mkataba mpya kwa heshima ya Budapest, alitimuliwa Oktoba 2023. Aliyemfuata, Diego Alonso, aliondoka kabla ya Krismasi bila kushinda hata mechi moja ya ligi. Ligi ya Mabingwa waliyoipigania kwa jasho wakaiaga wakiwa wa mwisho katika kundi, bila ushindi.

Msimu wa 2023/24 walimaliza nafasi ya 14. Kwa msimu wa 2024/25, La Liga iliwawekea kikomo cha matumizi ya kikosi kisichofika euro milioni 3, cha chini kuliko klabu zote za ligi hiyo. Mei 2025, baada ya kufungwa na Celta Vigo, mashabiki wenye hasira walivamia kituo cha mazoezi, na wachezaji wakalala humo humo kwa kuhofia usalama wao. Sevilla ilinusurika kushuka ikiwa ya 17, pointi moja tu mbele ya Leganés iliyoshuka. Mendilibar yeye alikwenda Ugiriki, na Mei 2024 akaipa Olympiacos Kombe la Conference Ligi, taji la kwanza la Ulaya kwa klabu yoyote ya nchi hiyo. Kwa hiyo aliyeondolewa hakuwa tatizo.

Yapo mambo ya kujifunza hapa kwa mashabiki wa Afrika Mashariki, ambako kocha hufukuzwa kwa mechi tatu na uongozi husifiwa kwa kombe moja. Mashindano ya mtoano hupima timu kwa usiku mmoja mmoja, na katika usiku mmoja kipa mmoja anatosha. Ligi hupima klabu nzima: usajili, fedha, utulivu wa uongozi. Klabu yako ikitwaa kombe, shangilia hadi asubuhi. Kukicha, fungua msimamo wa ligi, kisha waulize viongozi wako nani ameuzwa, nani amenunuliwa, na deni ni kiasi gani.