Jeraha la Shingo: Damu Ikikoma, Usirudi Nyumbani

Ndugu msomaji, weka vidole vyako viwili kando ya koromeo, chini kidogo ya taya. Usikaze. Unasikia kitu kinapiga? Huo ndio mshipa mkubwa unaopeleka damu katika ubongo. Wanganga wanauita karotidi. Uko mmoja kuume na mmoja kushoto, wala hakuna mfupa mbele yake wa kuukinga. Ni ngozi tu na nyama kidogo. Kando yake unapita mshipa mwingine mpana, jugulari, unaorudisha damu kutoka kichwani mpaka moyoni. Tena ndani ya mifupa ya shingo yenyewe inapita mishipa miwili midogo zaidi, nayo inakwenda ubongoni. Ubongo ni mdogo, lakini unakula sana: unapokea karibu sehemu moja katika sehemu saba za damu yote ambayo moyo unasukuma. Ukikosa damu dakika chache tu, unaanza kufa.

Kwa hiyo jeraha la shingo halipimwi kwa ukubwa wake. Watu wanaogopa mkato mrefu wa panga, na ni haki waogope. Lakini kitundu kidogo cha kisu, cha risasi au cha kipande cha chuma kinaweza kuwa kibaya kuliko huo. Ngozi inajifunga, damu inakoma, mtu anaketi na kuomba maji. Jamaa zake wanasema, “Amepona.” Kumbe ndani mshipa umetoboka, na donge la damu ndilo linaloziba tundu lile. Akikohoa, akiinua mzigo, akitikiswa barabarani, donge linaweza kutoka, na mtu mzima ana lita tano tu za damu, au karibu hizo. Pengine damu inajikusanya chini ya ngozi, uvimbe unakua usiku kucha, unasukuma njia ya pumzi mpaka mtu anasongwa.

Basi ufanye nini mbele ya kufika hospitali? Kama damu inatoka, bonyeza. Chukua kitambaa safi, weka mahali penyewe damu inapotoka, kaza kwa vidole, wala usiachilie. Usifungue kila mara kuangalia. Usizungushe kamba wala kitambaa shingoni, maana utamnyonga mgonjwa. Ukitaka kufunga, pitisha kitambaa chini ya kwapa la upande mwingine. Usitie majivu, wala unga wa kahawa, wala majani yaliyopondwa. Kisu kikiwa kimebaki ndani, kiache, sababu labda chenyewe ndicho kinachozuia damu. Mlaze chali bila mto. Jugulari ikikatwa inaweza kuvuta hewa ndani, na hewa hiyo ikifika moyoni mtu anaweza kufa ghafula. Lakini kama damu inamjaa kinywani, mlaze kwa ubavu, ama umwache aketi na kuinama mbele, apate kupumua. Usimpe chakula wala kinywaji, maana labda atapasuliwa.

Neno moja juu ya mashauri. Mara nyingi mtu amekatwa katika ugomvi, na wakubwa wa jamaa wanataka kwanza kujua nani mwenye kosa na nani atalipa mafranga ya hospitali. Shauri hilo litakuwako hata kesho. Mpelekeni mgonjwa kwanza.

Ukifika, usishangae kwamba munganga haingizi kidole wala chombo katika jeraha ili apime urefu wake. Angefanya hivyo angeweza kuondoa lile donge. Anatazama kwanza: je, damu inaruka kwa kufuata mapigo ya moyo? Je, uvimbe unakua? Pengine atauzungushia mstari wa kalamu juu ya ngozi, halafu baada ya saa moja atazame kama umevuka mstari. Anaweka mkono, asikie kama mshipa unatetemeka. Anasikiliza kwa chombo chake kama damu inavuma ndani. Anapima mapigo ya mikono yote miwili. Anamwambia mgonjwa aseme, acheke, akaze vidole vyake. Anaangalia macho, kama kope moja imeanguka au mboni moja imekuwa ndogo kuliko nyingine. Ndugu wengine wanafikiri ni mchezo. Sivyo, anauliza ubongo kama unapata damu.

Kama damu inaruka, au uvimbe unakua upesi, hangoji picha yo yote. Mgonjwa anaingia chumba cha kupasulia. Kama dalili ni ndogo, kuna nafasi ya kutafuta zaidi. Mwaka 1927, Egas Moniz, munganga wa Ureno, alionyesha jinsi ya kupiga picha ya mishipa ya ubongo, kwa kutia dawa katika karotidi ili mishipa ionekane. Siku hizi mashini ya skana inafanya kazi hiyo kwa kutia dawa katika mshipa wa mkono. Mahali pasipo skana, mgonjwa anawekwa kitandani na kuangaliwa mchana na usiku, au anapelekwa kwenye hospitali kubwa zaidi. Kukaa huko bila kupasuliwa ni kazi pia, hata kama jamaa wanaona kwamba “hawamfanyii kitu.”

Jeraha katikati ya shingo ndilo jepesi kwa munganga, sababu anaweza kushika mshipa juu na chini ya tundu. Likiwa karibu na mfupa wa bega, pengine lazima afungue kifua. Likiwa juu chini ya taya, mfupa unamzuia. Damu ikizidi anaweza kuingiza sonde ya mpira, ile ile ya kutoa mkojo, na kujaza kipira chake maji ili kibonyeze kutoka ndani. Ni jambo dogo, na limeokoa watu wengi.

Jugulari ya upande mmoja inaweza kufungwa kwa uzi, maana damu itapata njia nyingine ya kurudi. Karotidi ni neno lingine. Mwaka 1552 Ambroise Paré, munganga wa Ufaransa, alifunga karotidi ya askari mmoja. Askari aliishi, lakini alipoteza usemi na upande mmoja wa mwili wake ulipooza. Mwaka 1803 David Fleming, munganga wa meli ya vita ya Uingereza, alifunga ya mtu mwingine, naye akapona vizuri. Tofauti ni hii: chini ya ubongo mishipa ya pande mbili inaungana, lakini si kwa watu wote kwa nguvu sawa. Ndiyo sababu leo munganga anajaribu kushona karotidi, au kuiwekea kiraka cha mshipa uliotolewa mguuni. Kazi hiyo inataka damu. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa karibu nusu lita, na mwili wake utaitengeneza tena. Jamaa wakikimbia siku ile, munganga atashona nini?

Na wale wasio na jeraha? Kikwembe kimenaswa na gurudumu la moto na kumnyonga mama. Kijana ameangukia usukani wa kinga yake. Mtu amekabwa koo. Ngozi ni nzima, lakini ngozi ya ndani ya mshipa inaweza kupasuka. Damu inaganda pale polepole, na baada ya saa chache, au siku moja, mbili, tatu, kipande kinapanda ubongoni. Mtu aliyekuwa akitembea anapooza. Akija mapema, dawa ya kuzuia damu isigande, kama heparini au aspirini, inaweza kumkinga. Lakini munganga ndiye anayeitoa, kwa kuwa ikiwa mshipa unavuja, dawa ile ile inaua.

Aliyeruhusiwa kwenda nyumbani na dawa hiyo aimeze kila siku mpaka munganga aseme basi, mara nyingi ni miezi mitatu au zaidi. Akisikia shingo inavimba tena, sauti imebadilika, mdomo umekwenda upande, mkono umekufa ganzi, au jicho moja limetiwa giza hata kwa dakika chache, arudi saa ile ile, hata usiku, na mtu wa kumsindikiza.